Ajali ya Ziwa Huanzia Mwaloni

Ombaci haina mwalo. Hapa kwetu, kilomita chache kaskazini mwa mji wa Arua kwenye barabara ya Koboko, mtoto hukua akijua kulima muhogo na kupandisha mlima baiskeli yenye mzigo, lakini maji makubwa kwake ni ya kusimuliwa tu. Hata hivyo samaki aina ya ragoge na muziri wanaouzwa sokoni Arua wamepita ziwani. Wamevuliwa Ziwa Albert, wakakaushwa, wakapakiwa botini pamoja na wafanyabiashara wenyewe, wakashushwa Panyimur, ndipo wakapanda lori. Anayekwenda Adjumani kupitia Obongi huvuka Naili kwa kivuko. Kijana anayetafuta kazi ya uvuvi upande wa Buliisa au Hoima hupanda boti, na mara nyingi hiyo ni safari yake ya kwanza ya majini. Mtu wa nyanda za juu ndiye abiria aliye hatarini kuliko wote: hajui kuogelea, hajui boti iliyozidiwa inaonekanaje, na humwamini nahodha kama anavyomwamini dereva wa basi.

Nimeshughulika na usalama wa vyombo vya majini kwa muda mrefu, na jambo ninalolitetea katika safu hii ni hili: boti nyingi zinazozama katika maji yetu huanza kuzama zikiwa bado zimefungwa mwaloni. Kinachozizamisha ni desturi moja tunayoiona ya kawaida kabisa, ya kungoja chombo kijae ndipo kiondoke.

Tukisikia boti imepinduka, neno la kwanza redioni huwa upepo mkali. Upepo upo, sibishi. Lakini upepo wa Ziwa Albert hauji kwa siri. Mwingereza Samuel Baker alifika ufukweni mwa ziwa hili Machi 14, 1864, akiwa na Florence, aliyekuja kuwa mkewe. Kutoka Vacovia, kijiji cha ufukweni walikofikia, walisafiri kwa mitumbwi ya magogo siku 13 hadi Magungo, pale Naili inapoingia ziwani. Wapiga makasia wao wa kwanza waliwatoroka, naye Baker akatwaa shuka nzito ya sufu ya Kiskoti akaitundika iwe tanga. Katika kitabu chake anaeleza kwamba asubuhi ziwa lilikuwa limetulia, na mchana, kama saa saba, upepo mkali ukaanza kuvuma kutoka kusini-magharibi na kulichafua. Ulipowakuta mbali na nchi kavu walinusurika kwa kukimbilia ufukwe, wakafika wakiwa wamelowa wao na mizigo yao. Wenyeji waliijua saa hiyo kabla ya Baker kuzaliwa. Wavuvi wa Panyimur na Butiaba wanaijua leo.

Sababu yake iko katika umbo la mahali penyewe. Ziwa lina urefu wa kilomita 160 hivi na upana wa 30 hivi, nalo limelala ndani ya Bonde la Ufa: magharibi kuna milima ya Kongo, mashariki kuna ukingo wa Bunyoro. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa inaanza kusogea, na zile kuta mbili haziiachi itawanyike. Halafu kuna suala la kina. Hata penye kina kirefu ziwa hili halifiki mita 60, na katika maji ya kina kifupi wimbi halipati nafasi ya kunyooka. Linasimama wima, fupi, na nyuma yake kuna lingine karibu sana. Chombo kilichozoea mawimbi marefu ya bahari hupanda na kushuka kwa pumzi ndefu. Huku Albert, omo haijamaliza kupanda wimbi la kwanza, la pili limekwisha kumwagika ndani.

Kwa hiyo baada ya ajali mimi huanza kuuliza waliondoka saa ngapi. Jibu linafanana mara nyingi mno. Boti ilitakiwa kuondoka alfajiri. Abiria wa kwanza walifika saa kumi na moja, wakaketi. Mwenye boti akaona nafasi zimebaki. Ikangojwa familia moja, yakangojwa magunia, akangojwa mtu aliyepiga simu kusema yuko njiani. Boti ikajaa saa tano. Ikaondoka ikiwa nzito kuliko inavyostahili, ili ifike katikati ya ziwa saa ileile ambayo Baker aliiandika mwaka 1864. Watu huhesabu mzigo wa kupita kiasi kuwa kosa moja na saa mbaya kuwa kosa jingine, wakayatafutia dawa mbili tofauti. Mzazi wake ni mmoja. Chombo kinachoondoka kwa kujaa kitaondoka kimejaa, na kitaondoka kimechelewa.

Desemba 25, 2016, wachezaji wa mpira na mashabiki wao kutoka wilaya ya Buliisa walipanda boti kwenda Hoima kwa mechi ya Krismasi. Walikuwa 45 hivi. Karibu 30 walikufa. Waliookolewa walikuwa 15. Maelezo yaliyotolewa na polisi siku zile yalikuwa ya kusikitisha kwa jinsi yalivyoeleweka kirahisi: watu walikuwa na furaha, wakipuliza filimbi na vuvuzela, wakaegemea upande mmoja, boti ikapinduka. Wengi waliosoma habari hiyo walilaumu ulevi na ujinga wa vijana. Mimi naona somo jingine, ambalo halihitaji kumtukana marehemu yeyote.

Mtu aliyeketi chini sakafuni mwa boti ni farumi: uzito wake unaisaidia boti isimame wima. Mtu huyohuyo akisimama, uzito wake unapanda hadi karibu na usawa wa kitovu, nao sasa unasaidia kupindua. Watu 20 wakisimama kwa pamoja, boti nyembamba hubadilika tabia ndani ya sekunde, ingawa idadi ya abiria haijaongezeka hata mmoja. Ikianza kuinama, waliosimama huteleza kuelekea upande wa chini, kwa hiyo uzito unakimbilia palepale unapodhuru zaidi. Na kama ndani mna maji, hata ya kufika kifundo cha mguu tu, nayo hukimbilia upande huo. Ndiyo maana kufua maji kila wakati ni kazi ya kuokoa maisha, na nahodha anayeruhusu maji yakae botini kwa kuwa "ni kidogo" amekwisha kuipa boti sababu ya kwenda mrama. Boti iliyobeba nusu ya abiria wake ingewasamehe vijana wale wakicheza. Iliyojaa haina cha kusamehe.

Jambo hili si la boti ndogo peke yake. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka Septemba 20, 2018 kikiwa kimekaribia gati la kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria. Kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa walikuwa 228, waliookolewa 41. Ilikuwa siku ya gulio, watu na bidhaa zimejazana, na kivuko kilipokaribia kutia nanga watu wakasogea upande wa kushukia. Mtongwe, Mombasa, Aprili 29, 1994, kivuko kilipinduka mita chache kutoka ukingoni na watu 272 wakafa. Angalia mahali: jirani kabisa na nchi kavu. Abiria hulegea akiona ufuko, akasimama, akabeba mzigo wake begani, akaanza kujipenyeza aende mbele. Dakika tano za mwisho za safari zinahitaji sauti ya nahodha kuliko saa nzima ya katikati. Katika MV Nyerere ilisemwa na Rais wa Tanzania wa wakati huo, John Magufuli, kwamba nahodha hakuwamo, chombo kilikuwa mikononi mwa mtu asiye na mafunzo.

Nataka nikae kidogo kwenye MV Bukoba, kwa sababu ndiyo ajali iliyotufundisha jambo kwa bei kubwa mno na tukachelewa kulifahamu. Meli hiyo ilizama karibu na Mwanza Mei 21, 1996. Tume iliyoongozwa na Jaji Robert Kisanga ilichunguza, na tatizo la uthabiti wa meli yenyewe likawekwa wazi pamoja na wingi wa abiria. Lakini kuna saa kadhaa kati ya kupinduka na kuzama ambazo kila mwokoaji wa Afrika Mashariki anapaswa kuzijua. Meli ilikuwa imepinduka, tumbo lake likiwa juu ya maji, na ndani watu walio hai walikuwa wakigonga chuma. Waokoaji wakatoboa tundu ili wawatoe. Nia ilikuwa njema kabisa. Kumbe kilichoifanya meli ielee ni hewa iliyonaswa ndani, na hewa hiyo ndiyo waliyokuwa wakivuta wale waliokuwa wakigonga. Tundu lilipofunguka hewa ikatoka, maji yakapanda, meli ikashuka na watu wake.

Miaka 22 baadaye, pale Ukara, fundi wa mitambo wa MV Nyerere alikutwa hai siku mbili baada ya ajali, ndani ya chumba kilichobaki na hewa. Wazamiaji walimfuata kwa kupita majini. Mtu mmoja tu, baada ya watu 228, na bado naona tofauti hiyo ni kubwa: safari hii waliomwendea walijua hewa ile ina kazi gani. Iwapo boti yenye chumba au paa itapinduka Panyimur kesho, wavuvi ndio watakaofika kwanza, kama ilivyo kila mahali, na wavuvi hao hawajawahi kuambiwa habari ya tundu la MV Bukoba. Ningependa wasimuliwe, mwalo kwa mwalo, kwa Kialur, kwa Kilugbara, kwa Kiswahili: chombo kilichopinduka kinachoelea, usikitoboe. Kifunge kamba, kishikilie kisizame, na wanaojua kupiga mbizi wapitie chini.

Na wanaokwenda kuokoa nao wana hatari yao. Boti ya starehe ya MV Templar ilipozama Ziwa Victoria Novemba 2018, ikiwa mbovu, bila leseni na imejaa, watu zaidi ya 30 walikufa, na miongoni mwa mitumbwi ya wavuvi iliyokimbilia kusaidia ipo iliyozidiwa na watu waliokuwa wakiiparamia. Mwokoaji mwenye mtumbwi mdogo asiingie katikati ya kundi la wanaozama. Awatupie kamba, dumu tupu lililozibwa vizuri, ubao, chochote kinachoelea, kisha awavute mmoja mmoja kwa upande wa tezi.

Sasa nije kwenye hesabu, ambako moyo wangu unauma zaidi. Machi 22, 2014, boti iliyojaa wakimbizi wa Kongo waliokuwa wakirudi kwao kutoka kambi ya Kyangwali ilizama Ziwa Albert. Upande wa Uganda miili zaidi ya 100 iliopolewa. Baadaye serikali ya Kongo ikasema waliokufa ni 251. Katikati ya namba hizo mbili kuna watu zaidi ya mia ambao hakuna karatasi yoyote iliyowataja walipopanda. Zanzibar mambo yalikuwa hivyohivyo: MV Spice Islander I ilipozama Nungwi usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, miili iliyopatikana ilikuwa 203, na tume ya uchunguzi ilipokusanya majina ya waliopotea kutoka kwa familia, jumla ikapanda hadi 1,573. Meli ya abiria, yenye bandari, yenye tiketi, na bado ilibidi wafu wahesabiwe kwa kuwauliza wafiwa.

Sisi watu wa Ombaci tunaelewa maana ya jambo hili. Juni 24, 1981 askari wa UNLA, jeshi la Uganda la wakati ule, waliwashambulia raia waliokuwa wamejihifadhi hapa kwenye misheni, na hadi leo tarehe hiyo inapofika tunawaombea waliouawa. Tumejifunza hapa jinsi familia inavyoteseka pale ambapo hakuna aliyeandika nani alikuwepo. Mama anayemngoja mwanawe aliyepanda boti kwenda mwalo wa Kaiso, na hakuna anayeweza kumthibitishia kama alipanda boti ile au iliyofuata, hawezi kuweka matanga wala kuacha kungoja.

Lakini daftari la majina si la kuzika tu. Anayeandika majina analazimika kuhesabu, na anayehesabu analazimika kufika mahali aseme basi. Daftari lenye mistari 30, la boti ya watu 30, linaishia mstari wa 30. Jina la 31 halina pa kukaa, na kila aliyesimama pale anaona. Nakala moja ibaki nchi kavu, kwa sababu orodha iliyosafiri na boti huzama na boti.

Jambo la pili la kuonekana kwa macho ni mstari wa rangi ubavuni. Uingereza ya karne ya 19 ilipoteza mabaharia wengi katika meli zilizopakiwa kupita kiasi, na mbunge Samuel Plimsoll akapigana hadi sheria ya mwaka 1876 ikaamuru kila meli ya shehena ichorwe alama ambayo maji hayapaswi kuipita. Kuna sehemu ya historia hiyo ambayo husahaulika. Sheria ile ya 1876 iliwaachia wenye meli wenyewe waamue alama ichorwe wapi. Mwenye tamaa aliichora juu anakotaka. Ilichukua hadi 1890 ndipo serikali ikaanza kuamua kimo chake. Sisi tukianza kuchora mistari kwenye boti za Panyimur, Wanseko na Butiaba, naomba tuanze na mwaka 1890: mkaguzi apakie mifuko ya mchanga, apime, achore mwenyewe. Mstari mwekundu hausomeki kwa elimu. Mama wa Koboko ambaye hajawahi kuona ziwa anaweza kuambiwa kwa sentensi moja, "maji yakifunika nyekundu, shuka," na akajua kila anachohitaji kujua. Katika ajali ya Nungwi walikuwapo abiria waliohisi meli imezidiwa tangu ingali bandarini Malindi, Unguja, wengine wakakataa kupanda. Waliobaki hawakuwa na alama ya kumwonyesha yeyote kwa kidole.

Jaketi la kuokolea nalipitia haraka, kwa kuwa ndilo kila mtu hulitaja. Ni lazima, na lazima lifungwe mwilini. Watafiti wa Makerere na wenzao waliofuatilia matukio ya kuzama katika wilaya 60 za Uganda kati ya 2016 na 2018 walikuta karibu nusu yake yalihusu watu waliokuwa botini, na waliovaa jaketi walikuwa wachache mno. Jaketi lililokaliwa kama mto, au lililofungwa ndani ya sanduku hadi boti ya doria ionekane, ni mzigo mwingine tu. Lakini jaketi ni kinga ya baada ya kosa, na mimi nataka tuzungumzie kosa.

Naili kwa upande wetu ina mambo yake. Huku si mawimbi yanayotisha, ni mafunjo. Maji yalipopanda mwaka 2020 kote kuanzia Ziwa Victoria, visiwa vya mimea vinavyoelea viling'oka na kuteremka, na tangu hapo waendesha vivuko wa Obongi na Laropi wanajua kwamba njia iliyokuwa wazi jana inaweza kuzibwa leo. Mtu mwenye mtumbwi asijaribu kupita kati ya kisiwa kinachosogea na ukingo. Si jambo geni kwa maji haya kubadilika: kupanda kwa Ziwa Albert mwanzoni mwa miaka ya 1960 ndiko kulikoifunga bandari ya Butiaba, na meli kubwa ya SS Robert Coryndon, iliyokuwa fahari ya ziwa hilo tangu 1930, ikaachwa pale ioze.

Turudi kwenye fedha, kwani desturi ya kungoja boti ijae haikuzaliwa na uovu. Nahodha wengi hulipwa kwa sehemu ya nauli. Petroli ni ileile, boti iwe na watu 15 au 35. Kumwambia mtu wa namna hiyo aondoke saa kumi na mbili asubuhi akiwa na viti vitupu ni kumwambia alale njaa kwa ajili ya hatari ambayo siku nyingi haitokei. Amevuka na mzigo wa kupita kiasi mara nyingi akafika salama, na kila mara alipofika salama alizidi kuamini kwamba inawezekana. Baada ya ajali polisi wanamtafuta yeye. Mwenye boti, aliyeweka utaratibu wa malipo, hatajwi.

Uganda ilipitisha sheria mpya ya usafiri wa majini mwaka 2021, nayo ikachukua nafasi ya sheria zilizoachwa na wakoloni. Nguvu ya kisheria sasa ipo. Kinachokosekana ni utaratibu wa mwaloni ambao hauhitaji askari asimame pale kila siku, na mfano wake tunao Arua tayari, kwenye stendi za pikipiki na teksi: zamu. Boti zote za mwalo mmoja zijiunge, ziondoke kwa zamu kwa saa zilizobandikwa ubaoni, ya mwisho ya asubuhi iwe saa mbili, na yenye abiria wachache iondoke hivyohivyo. Nauli za siku ziingie mfuko mmoja na kugawanywa, ili aliyeondoka na watu 12 asiumie na aliyeondoka na 30 asipate faida ya kumngoja wa 31. Nahodha alipwe kwa safari, si kwa kichwa. Nauli itapanda kidogo, na abiria waelezwe wazi kwamba wanalipia viti vitupu.

Daftari lishikwe na wanawake wafanyabiashara wa samaki. Wao wanamjua kila anayepanda, anatoka kijiji gani na nani wa kumpigia simu, na wao ndio wanaovuka mara nyingi kuliko mtu yeyote. Mwezi wa kuanzia uwe Novemba. Kufikia Desemba, shule zikifungwa na watu wakirudi nyumbani kwa Krismasi, mwezi ambao Ziwa Albert liliua mwaka 2016 na likaua tena zaidi ya watu 20 mwaka 2020, saa za kuondoka ziwe zimekwisha kubandikwa na mistari imekwisha kukauka ubavuni.